Ali kula au alikula? Namna ya kufundisha viambishi awali darasa la tatu na la nne

Kipande cha karatasi kilichochanwa katikati ya daftari kilinifikia mezani saa mbili asubuhi: "Shikamoo madamu. Mama amesema atakuja kwenye kikao." Nikamweka mama huyo kwenye orodha, nikamsubiri mpaka saa nane mchana. Hakutokea. Kesho yake nikamwita mtoto, akanitazama kama aliyeonewa: "Si nilikuandikia, madamu? Atakuja!" Alitamka hivyohivyo, bila h, kama inavyotamkwa vibarazani kwetu Temeke. Alikuwa na maana ya hatakuja.

Herufi moja tu. Lakini ukiitazama vizuri, ile haikuwa herufi, ilikuwa kiambishi cha kukanusha kilichopotea njiani. Na makosa mengi ya tahajia ninayokutana nayo darasa la tatu na la nne ni ya namna hiyo. Mtoto wa Dar es Salaam anavitumia viambishi tangu hajaota meno yote, na akiwa uwanjani anacheza rede hakuna hata kimoja kinachompiga chenga. Shida inaanza akishika penseli, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba lile neno refu linalomtoka mdomoni kwa pumzi moja lina vipande, na kila kipande kina kazi yake.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na maana ya kiambishi. Ukiingia darasani ukaandika ubaoni "Kiambishi awali ni mofimu inayopachikwa kabla ya mzizi", wataiandika kwa mwandiko mzuri, wataikariri, na Jumatatu watakuandikia "nili kuwa na cheza". Nimefanya hivyo miaka miwili mfululizo, kwa hiyo ninajua ninachokisema.

Tafuta boksi tupu la sabuni au tambi kutoka duka la jirani, mkasi, makapeni nyeusi na nyekundu, na vibanio vya nguo kama dazeni mbili. Tenga wiki tatu za vipindi vya Kiswahili. Mzazi unayemfundisha mtoto wako nyumbani, wiki moja na nusu itakutosha, maana huna watoto themanini wanaogombea kifutio.

Hatua ya kwanza: soma makosa kabla ya kufundisha

Wape imla ya sentensi kumi fupi za maisha yao ya kawaida: Jana tulikula wali. Baba hajarudi kazini. Hakuna maji bombani. Walimu wengi wamefika. Kusanya madaftari, usisahihishe. Keti nayo, uyapange kwa mafungu kama mama ntilie anavyopanga nyanya.

Fungu la kwanza litakuwa la wanaokatakata: "tuli kula", "haja rudi", "wame fika". La pili ni la wanaoiangusha h, au wanaoibandika mahali isipotakiwa: "akuna maji", "apendi", "hanakula". La tatu ni la wale wa "turikula" na "arikuja". La nne ni la irabu zilizogongana: "mualimu", "viakula", "waingi".

Hilo la tatu lina dawa ya haraka. Andika LI kwenye kadi kubwa, ining'inize juu ya ubao, uwaambie: kipande cha jana ni hiki, hakina ndugu. Mtoto anaweza kuendelea kuchanganya kalamu na karamu kwa muda, hilo ni suala la masikio na matamshi ya nyumbani, lakini wakati uliopita ataacha kuukosea ndani ya siku chache, kwa sababu anajifunza kipande kimoja badala ya maneno mia tano.

Hatua ya pili: anzia ukutani

Kila mtoto wa jiji hili amewahi kusoma, pengine kabla hajajua kusoma kitu kingine, maandishi makubwa ya rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Yameandikwa kwa sababu ya matapeli wanaouza nyumba za watu, lakini kwa mwalimu wa Kiswahili ni zawadi ya bure.

Andika sentensi hiyo ubaoni. Kisha uliza: ingekuwa kiwanja, tungeandikaje? Watajibu kwa pamoja, bila kufikiri: "Kiwanja hiki hakiuzwi!" Shamba? "Shamba hili haliuzwi." Viwanja? "Viwanja hivi haviuzwi." Magari? "Magari haya hayauzwi." Andika kila jibu chini ya lingine, HA zikae kwenye mstari mmoja ulionyooka kama wanafunzi wa mstarini. Chukua chaki ya rangi, uzungushie kile kinachobadilika: i, ki, li, vi, ya. Usiseme neno. Subiri. Katika kila darasa nililofundisha kuna mtoto aliyepiga kelele kabla sijamaliza kuzungushia: "Madamu, hako kanafuata jina!"

Hiyo "kanafuata jina" ni bora kuliko ufafanuzi wowote wa upatanisho wa kisarufi, na ndiyo ninayoitumia wiki nzima ya kwanza. Istilahi zitakuja. Kwa sasa tunasema vipande vya mbele.

Halafu weka mtego wenyewe. Mti? "Mti huu hauuzwi." Mbuzi? "Mbuzi huyu hauzwi." Waambie waandike zote mbili kwenye daftari, kisha wahesabu u za kitenzi. Mti una u mbili, mbuzi ana moja. Kwa nini? Kwa sababu u ya kwanza ya mti ni kipande cha mti (ha-u-uzwi), na mbuzi kipande chake ni a, ambayo ikikutana na ha inamezwa: ha-a-uzwi, hauzwi. Hapa tahajia na maana vimeshikana mikono. Mtoto anayeelewa kwa nini mti una u mbili hahitaji kukariri tena.

Kazi ya nyumbani ni kunakili maandishi matatu ya mtaani yenye vipande vya mbele. Mtaletewa "Hatukopeshi", "Usitupe taka hapa", "Tunatengeneza simu". Mtaletewa pia mengine ya ukuta wa uchochoroni ambayo hayafai kuandikwa ubaoni. Yapokee kwa uso mkavu.

Hatua ya tatu: mkasi

Kata boksi vipande virefu. Kwenye kila kimoja andika kitenzi kizima: hawatacheza, nilimwona, tumefika, hukusoma. Wape watoto wawiliwawili, na mkasi. Sharti ni moja: kabla ya kukata, wakubaliane ni wapi neno linabadilika maana.

Usiulize "hiki ni kiambishi gani?" Uliza "ukikiondoa hiki, nini kimebadilika?" Ukiondoa ha kwenye hawatacheza, wanabaki wanaotarajia kucheza. Ukibadilisha wa kuwa tu, ni sisi. Ukibadilisha ta kuwa ku, imeshapita. Mpaka wamalize kukata watakuwa wamesema kazi ya kila kipande kwa maneno yao: cha "hapana", cha "nani", cha "lini". Hapo ndipo unapoweza, kwa upole, kuandika pembeni: kikanushi, nafsi, njeo. Cha "nani anatendewa" (ile m ya nilimwona) nakiacha kwa wepesi wa darasa, na vipande vya -ye- na -cho- vya aliyekuja na kilichoanguka naviacha mpaka darasa la tano.

Mkasi una hatari yake: mtoto akishaonja utamu wa kukata, anakata kila kitu. Mmoja alinikatia walimu ikawa wa-li-mu, akanieleza kwa uhakika kamili kwamba ni watu fulani ambao jana "walimu". Mwingine akaikata sikio, akasema si ni hapana. Usiwacheke kupita kiasi, wamefuata kanuni uliyowapa. Wape kipimo: kinachobaki baada ya kukata lazima kisimame na vipande vingine. Chez- inasimama na ni, tu, wa, m. Je, "kio" inasimama na nini? Haisimami. Basi sikio halikatwi.

Kitabu ni kisa kingine. Neno lilitoka Kiarabu likiwa na ki yake mwilini, haikuwa kiambishi cha mtu yeyote, lakini Waswahili tukaisikia kama yetu, tukasema vitabu. Kipilefti vilevile: maneno ya Kiingereza ya kibao cha barabarani yakageuka kitu chenye wingi, vipilefti. Watoto hukifurahia kisa hiki kuliko somo zima.

Hatua ya nne: foleni ya kadi

Hapa ndipo nisipopaharakisha. Kila mtoto anashika kadi kubwa yenye kipande kimoja, wanasimama mbele ya darasa kwa mpangilio. WA – TA – SOM – A. Darasa linasoma. Kisha namwita aliyeshika HA. Anaingia mbele, foleni inasogea, darasa linasoma: hawatasoma. Hakuna aliyeondoka. Rahisi.

Sasa WA – LI – SOM – A. HA anaingia, lakini LI anatoka na KU anaingia: hawakusoma. WA – ME – SOM – A: ME anatoka, JA anaingia: hawajasoma. WA – NA – SOM – A: NA anatoka, hana mbadala, na A wa mwisho anampisha I: hawasomi. Tunarudia mpaka yule mwenye kadi ya NA anaanza kuondoka mwenyewe akimwona HA anasimama kitini.

Baada ya hapo nafsi zenye ukaidi. HA akija kwa NI, wote wawili wanatoka, anaingia SI: sitasoma, sikusoma. HA akija kwa A, A anakaa chini: hatasoma. HA akija kwa U, A ya HA inafunikwa kwa kiganja: hutasoma. Yule mtoto wa barua ya mama ndiye niliyempa kadi ya HA mwaka ule, siku tatu mfululizo. Alipoketi, darasa lilisoma atasoma. Aliposimama, hatasoma. Alikuwa ameishikilia ile h kwa mikono miwili.

Kwa vitenzi vifupi (kula, kuja, kunywa, kufa) foleni inaonyesha jambo jingine. A – ME – KU – L – A: ku inabaki, bila hiyo neno halisimami. Lakini JA akiingia, KU anatoka: hajala, hajaja, hajanywa. Najua, mtaani sote tunasema "hajakula", na mimi mwenyewe nikiwa na njaa nasema "sijakula". Sipigani na mdomo wa mtoto. Namwambia kwamba daftarini tunaandika hajala, kama vile nyumbani anavaa ndala na shuleni anavaa viatu.

Na ile hu ya mazoea ipe dakika kumi: Mama hupika, wewe hupiki. Hu zinafanana kwa sura, irabu ya mwisho ndiyo inayosema ipi ni ipi.

Hatua ya tano: Ali na wali

Sasa fungu la kwanza, la wanaokatakata. Kanuni ni fupi: kitenzi na vipande vyake vyote huandikwa neno moja. Wala mtoto anayetenganisha si mjinga. Kitswana na Kisotho, ndugu za Kiswahili, huandika vipande vingi vya kitenzi mbalimbali. Sisi tunaviunganisha, basi.

Kanuni hiyo ukiisema tu haiingii. Inaingia kwa kichekesho. Andika ubaoni "Ali kula wali". Uliza: nani kala? Watasema Ali. Futa nafasi: "Alikula wali." Nani kala? Kimya, kisha mtu atasema: "Yeyote, madamu, hata Juma." Andika "Wali kula wali" uwaulize wali umekulaje wali mwenzake. Andika "Hata kuja" na "Hatakuja", "Siku jua" na "Sikujua". Kila jozi waisome kwa sauti, kisha wachore. Bado nina mchoro wa sahani ya wali yenye mdomo na meno, na jua lenye kalenda.

Waonye pia kuhusu upande wa pili, kwa sababu baada ya somo hili wataunganisha hata yasiyounganika: "kwasababu", "kwahiyo", "namimi". Hayo ni maneno mawilimawili. Hapa hakuna hila, ni kukumbushana tu.

Hatua ya sita: irabu zikigongana

Vipande vya majina vina tabia ya kubadilika vikikutana na irabu. Fundisha kwa makundi, si kwa orodha ndefu.

Mu ikikutana na a, e au i inakuwa mw: mwalimu, mwezi, mwizi. Ikikutana na u inabaki: muuguzi, muumini. Kwenye wingi wa miti na vitu, mw inarudi kuwa mi: mwembe, miembe, mwaka, miaka, mwiba, miiba, na hiyo ya mwisho ina i mbili kwa sababu ileile iliyoupa mti wetu u mbili.

Ki inakuwa ch, vi inakuwa vy: chakula, vyakula, chombo, vyombo, chumba, vyumba. Kisha mkono utanyooshwa: "Mbona kiatu si chatu?" Mjibu ukweli, kwamba kiatu, kiazi na kioo vimekataa kubadilika, ndiyo maana ni viatu na si "vyatu". Na chatu ni nyoka, hatuvai.

Wa na a huwa a moja: walimu, si "waalimu", hata kama umeliona hilo kwenye kibao. Wa na i huwa we: wengi, wezi. Ma na i huwa me: mengi, meno. Waumini na wauguzi hubaki walivyo.

Hatua ya saba: vibanio na majina ya mitaa

Andika mzizi kwenye kadi: -TU. Kwenye vibanio andika m, wa, ki, vi, u, ji. Mtoto anabana kibanio kimoja mbele ya kadi, anasoma, anasema maana: mtu, watu, kitu, vitu, utu, jitu. Badilisha kadi: -ZEE. -TOTO. Kisha -SWAHILI: Mswahili, Kiswahili, Uswahili. Hapo mkumbushe kwamba herufi kubwa inakaa kwenye kibanio, maana neno linaanzia pale. Tofauti ya mtu na utu, mtoto na utoto, wataieleza wenyewe ukiwapa nafasi. Nilimuuliza mmoja utoto ni nini, akasema ni "ile unayoambiwa uache."

Kisha panda nao daladala bila kutoka darasani. Mikocheni: mi, koche, ni. Kuna mti uitwao mkoche, na mingi ni mikoche. Mchikichini nako kuna mchikichi, lakini mmoja tu! Mivinjeni kuna mivinje. Mabibo ni wingi wa bibo, tunda la mkorosho. Akiuliza ile -ni ya Mikocheni na Mivinjeni, hiyo ni ya mwisho wa neno, mwambie tutaijia siku nyingine. Mnazi Mmoja ina upatanisho mzima ndani yake: ingekuwa miwili tungesema Minazi Miwili, na jina la mtaa lingebadilika mbele mara mbili. Manzese na Tandale usiyapeleke kwenye mkasi, hayafunguki kwa namna hii.

Kama shule ina kamusi hata moja, itumie sasa. Mtoto anayetafuta "tumeandika" kwenye T atarudi na kulalamika kwamba neno halimo. Kitenzi kinatafutwa baada ya kuvuliwa vipande vyote: andika, kwenye A. Jina linatafutwa likiwa na kipande chake cha umoja: vyombo utaikuta kwenye chombo. Mtoto asiyejua kukata viambishi hawezi kutumia kamusi ya Kiswahili, na wengi tunawapa kamusi kabla ya mkasi.

Kwa wa shule za mchepuo wa Kiingereza: mkasi uleule unafanya kazi kwa un-, re- na mis-. Mzizi haubadiliki ukipachikwa, ndiyo maana misspell ina s mbili. Na kama walimu wetu wa "wa-li-mu", uncle haina un- ndani yake.

Hatua ya nane: imla tena, na namna ya kusahihisha

Rudia zile sentensi kumi. Safari hii usiweke pata wala kosa kwa neno zima. Hesabu vipande vya mbele. Hawakuniona ina vinne: ha, wa, ku, ni. Aliyeandika "awakuniona" amepata vitatu kati ya vinne, na anaona mwenyewe ni kipi kilichomponyoka. Ninawaachia wasahihishane kwa kalamu nyekundu, ingawa wanakuwa wakali kuliko mimi.

Kwa atakayebaki nyuma, usimrudishe kwenye madaftari, mrudishe kwenye kadi. Dakika tano kabla ya kengele ya uji, wewe na yeye, WA – TA – SOM – A.

Zoezi la mwisho ni kila mtoto kuandika tangazo lake mwenyewe lenye kikanushi, alibandike mahali panapohusika. Tuliamka na "Dirisha hili halifungiki", ambalo kweli lilikuwa halifungiki, na "Chaki hizi haziliwi", lililomhusu mtu tunayemjua. Nyuma kabisa, kwenye dawati lililovunjika mguu tangu muhula uliopita, palibandikwa kipande cha boksi la sabuni: DAWATI HILI HALIKALIWI. Ha, li, halafu kal. Mwandishi wake alilisimamia tangazo hilo mpaka fundi alipokuja.